Kuongea Kiswahili nyumbani si kutozoea
Eti mhamiaji anayeongea lugha ya kwao nyumbani bado hajaizoea Marekani? Dodoso la kupima mhamiaji amezoea kiasi gani nimelijaza mwenyewe hapa Minnesota: lugha ya nyumbani, visanduku vitano, kuanzia "Kiswahili tu" hadi "Kiingereza tu". Nikatia alama cha kwanza, maana tunaishi na mama mkwe na hajui lugha nyingine. Basi nikahesabika mgeni wa jana, mimi niliyekaa miaka 14, ninayekwangua theluji kabla majirani hawajaamka! Kosa ni kupima tamaduni mbili kwa mzani mmoja, huku kukipanda kule kushuke. John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, alizitenganisha zamani kwa maswali mawili: unashika ya kwenu kiasi gani, na unajichanganya na wenyeji kiasi gani? Unaweza kuwa juu kote. Au chini kote, na huyo ndiye wa kumwangalia: kuna kijana mtaani kwetu Kiswahili kimemtoka, shuleni hana rafiki hata mmoja, lakini dodoso lile lingempa alama kunizidi. Wenzangu mlio ughaibuni, kwenu anayejibu dodoso kama lile ni mzazi, au mtoto anayemtafsiria?