Programu nje, mzigo ndani

Diski ya ndani ilibaki na GB 3, nikasema basi, programu ya kuhariri video naiweka kwenye diski ya nje. Nikachagua E:, yaani hiyo diski ya nje, kwa mkono wangu mwenyewe. Imemaliza kujisakinisha, naangalia C:, ile ya ndani, imebaki GB 1! Kumbe kashe (data za akiba za programu) na mafaili ya muda yote yamejipenyeza AppData, folda iliyofichwa humo humo C:, kama mgeni uliyemwandalia chumba cha nje akaenda kulala sebuleni. Halafu ole wako uguse waya. Juzi nimechomoa diski, kuirudisha ikapewa herufi F:, ikoni zote nyeupe, eti faili halipatikani. Halipatikani vipi na nimelishika mkononi? Na kwa diski hizi za kuzunguka, zilivyo za polepole, kuifungua programu tu skrini inazima yenyewe kwa kungoja.