Amri ya kuzima intaneti iwe na karatasi na saini

Juzi sokoni Majengo nimemsikia mzee mmoja ninayemheshimu akisema intaneti hata ikizimwa hakuna kinachoharibika, ni starehe za vijana tu. Waliokuwa naye wakatikisa vichwa kukubali. Sikumjibu, lakini maneno yale hayajanitoka. Nchi yetu, Tanzania, ilikaa bila intaneti kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hadi 3 Novemba, na sisi wa Dodoma tulikuwamo. Tumesahau upesi hivi?

Dalali wa mahindi Kibaigwa anapiga picha ya mzigo, anaituma kwa intaneti, mnunuzi wa Dar anaiona, wanapatana bei, lori linapakia. Siku zile jirani yangu mwenye stationeri karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alifungua asubuhi akafunga kabla ya mchana, maana kazi za wanafunzi zote zinamjia kwa WhatsApp na barua pepe. Huo ndio unga wa nyumbani kwake. Na hayo bado ni madogo. Fikiria mama aliyeko Kondoa, mwanawe yuko Dar es Salaam ambako kumetangazwa marufuku ya kutoka nje usiku, simu ya mtoto haipatikani, na mama hana pengine pa kuuliza.

Kuzima kwenyewe si kazi kubwa. Hakuna swichi moja iliyofichwa mahali. Kuna kampuni chache za mawasiliano, kila moja inaishi kwa leseni, na leseni inatoka serikalini. Amri ikishuka, mafundi wanakata data na kuiacha sauti ipite, au wanaondoa zile njia zinazoiambia dunia mitandao yetu iko wapi. Misri ilifanyiwa hivyo usiku wa kuamkia 28 Januari 2011: kampuni moja baada ya nyingine zilitoweka, ikabaki kampuni ya Noor peke yake, nayo ikazimwa siku chache baadaye. Kufunga mtandao mmoja mmoja ni rahisi zaidi, kama X (iliyoitwa Twitter zamani) ilivyofungwa kwetu Mei 2025. Mwenye VPN, yaani programu ya kupitia njia ya pembeni mtandaoni, anapenya, lakini tangu 2023 TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, inataka watumiaji wake wajitambulishe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba amri ya namna hii inampita mwananchi bila kuiona. Halmashauri ikinifungia duka, nabandikiwa karatasi yenye muhuri, jina la ofisi na kifungu cha sheria. Naibandua, naipeleka kwa wakili. Ulipokatwa mtandao wa nchi nzima, kampuni yangu ya simu haikunitumia hata ujumbe mfupi. Kifurushi nilichokilipia kiliisha muda wake bila kutumika. Nimshtaki nani? Kwa lipi?

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kufanya mawasiliano na uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Inampa pia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Wiki ya uchaguzi haikutengwa. Najua ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama, lakini mipaka hiyo inatakiwa itoke kwenye sheria, na mtu hawezi kuipima sheria ambayo hajaonyeshwa.

Tazama Zimbabwe. Januari 2019 mtandao ulipozimwa, kampuni ya simu ya Econet iliwaambia wateja wake waziwazi kwamba imepokea amri, na kwamba imetoka kwa waziri. Kwa kuwa amri ilijulikana na mtoaji wake alijulikana, watu walikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikasema waziri yule hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Mtandao ukarudi. Togo nako, Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema mwaka 2020 kwamba kuzima intaneti wakati wa maandamano ya 2017 kulikuwa kinyume cha haki. Ushindi wa Zimbabwe ulianza na ujumbe wa kampuni kwa mteja.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande: uongo mtandaoni unaweza kuua, na serikali inayokaa kimya wakati watu wanachochewa inakosea. Lakini siku zile mtaani kwetu tulisikia idadi za kila aina za waliokufa, kila mtu na yake, na hapakuwa na mahali pa kuhakiki hata moja. Uongo ulitembea kwa mdomo. Kilichokatwa ni njia ya kuupinga.

Bunge linakaa hapa hapa kwetu, wabunge tunapishana nao barabarani. Watunge kifungu kinachosema amri ya kuzima mawasiliano iwe ya maandishi, iwe na jina na saini, iombwe mbele ya jaji, itaje siku ya mwisho, na kampuni ilazimike kuwatumia wateja ujumbe kabla ya kukata. Bunge likikaa tena nitayaandika haya kwenye barua na kumpelekea mbunge wangu kwa mkono. Nawaomba nanyi mlioko Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa muwapelekee wenu.