Adabu ya Macho katika Ufukwe wa Amager

Kila ninapokwenda Tanga kwa likizo, shangazi yangu husubiri wanaume watoke barazani ndipo aniulize swali lile lile: ni kweli wanawake wa Denmark huanika vifua ufukweni mchana kweupe, na askari wanapita tu? Humjibu kuwa ni kweli, na kwamba baada ya miaka 11 ya kuishi Copenhagen mimi mwenyewe silioni tena kuwa jambo la kusimulia. Ninalopenda kumsimulia ni habari ya macho ya watu wa kule, lakini hapo huwa ameshaanza kusema astaghafirullah.

Kwa upande wa sheria hakuna mengi. Kifungu cha 232 cha sheria ya jinai ya Denmark humwadhibu mtu anayewavunjia wenzake haya kwa kitendo kichafu, lakini kulala mchangani bila sidiria hakuhesabiwi kuwa kitendo cha namna hiyo. Ubishi ulikuwa kwenye mabwawa ya kuogelea, ambayo yalijiwekea kanuni zake. Mwaka 2007, katika nchi jirani ya Sweden, wanawake wawili waliamriwa wajifunike au watoke kwenye bwawa moja mjini Uppsala, na wenzao wakaanza kuhoji kwa nini kifua cha mwanamume kiwe halali majini na cha mwanamke kiwe haramu. Hoja hiyo ilivuka mpaka, na Machi 2008 kamati ya utamaduni na burudani ya Jiji la Copenhagen iliamua kwamba wanawake wanaweza kuogelea vifua wazi katika mabwawa ya jiji. Malmö, mji wa Sweden ulio ng'ambo ya mlango wa bahari, ulifuata mwaka 2009.

Mila ndiyo yenye uzito, nayo haikuandikwa popote. Kiangazi changu cha kwanza nilikwenda Amager Strandpark na mfanyakazi mwenzangu, mama wa miaka zaidi ya 50, tukatandika taulo zetu tukielekea ile mitambo 20 ya upepo iliyosimama baharini. Tulikuwa tukijadili ratiba ya zamu, na katikati ya sentensi alivua sidiria, akaikunja, akaiweka ndani ya kiatu na kuendelea kulalamika kuhusu zamu ya Jumapili. Mimi ndiye niliyepoteza maneno. Punde mpira wa vijana ukabingirika hadi miguuni kwake, na kijana wa miaka kama 20 akaja kuuchukua. Akautazama mpira, akaomba radhi, akarudi kwa wenzake. Nilimsindikiza kwa macho nikingoja ageuke au wenzake wacheke, lakini sikuona lolote. Alipotaka kwenda kununua aiskrimu, mwenzangu alivaa fulana kwanza, kwa sababu stara ya kwenye taulo si stara ya kwenye foleni, jambo ambalo kila mwenyeji analijua bila kuambiwa.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho. Mimi sikulivunja, nililifunza tu, na wala sijavua kitu: huingia majini na vazi refu la kuogelea na kilemba chake. Penye shida ni bafuni, kwa kuwa kabla ya kuingia kwenye bwawa ni lazima uoge bila nguo yoyote, na ukutani kuna mchoro wa mwili wenye alama nyekundu kwenye kichwa, makwapa, sehemu za siri na nyayo. Mara ya kwanza nilioga nimejifunga kanga. Msimamizi alinyoosha kidole kwenye mchoro bila kusema neno, huku bibi mmoja wa miaka kama 80 akijisugua mgongo kando yangu, akiwa hana habari nami kabisa.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba sisi ndio tunaoogopa titi na wao ndio waliokombolewa. Panda basi la kutoka Muheza kwenda Tanga, utamwona mama akitoa titi na kumnyonyesha mwanawe huku kondakta akimdai nauli, na hakuna anayeshtuka. Paja ndilo linalotutia kiwewe. Mwaka 1969, mwaka ule ule Denmark ilipohalalisha picha za ngono, Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kutekeleza marufuku ya sketi fupi mjini Dar es Salaam. Na Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu, eti kwa kosa la kuvaa vibaya. Mtu anayemvua mwanamke nguo hadharani ili kulinda stara ana yake mengine moyoni.

Wadenmark nao wana pa kujikwaa. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, mwanamke anayefunika uso hadharani anaweza kutozwa faini ya kroner 1,000 kwa kosa la kwanza. Mimi sivai nikabu, lakini ufukweni ni mimi, niliyefunikwa hadi kwenye vifundo vya miguu, ninayegeuziwa shingo, na adabu ile ya kijana wa mpira sikuzote hainifikii. Kama uhuru ni wa mwanamke kuamua juu ya mwili wake, sioni kwa nini uishie kwenye kuvua.

Tena mambo yanabadilika. Wanaoota jua vifua wazi Amager siku hizi ninaona ni rika la yule mwenzangu; binti zao hubaki na bikini. Nilipowauliza wasichana kazini, walitaja simu. Sishangai, maana Januari 2018 polisi wa Denmark walitangaza kuwashtaki zaidi ya vijana 1,000 kwa kusambaziana video za ngono za watoto wawili wa miaka 15.

Hapo ndipo ninapowakumbuka watu wa kwetu. Katika Suratun Nur, aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao, na wanawake wanatajwa baada ya hapo, katika aya ya 31. Lakini madrasa niliyosoma mimi tulianzia ya 31. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Raskazone, ufukweni Tanga. Aliingia majini na dera, kama wasichana wote, na alipotoka limemganda mwilini, vijana watatu walikuwa wameshamwelekezea simu. Nilipowafokea, mmoja alinijibu kwa heshima zote kwamba, mama, angekuja na nguo nzito zaidi.

Mabango ya kuwataka wanawake na wageni wajistiri tunayo ya kutosha pwani. La kuwakataza watu kupiga picha waogeleaji sijawahi kuliona. Ningepewa ruhusa, ningeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa na kulisimika Raskazone, pale pale chini ya mkungu walipokuwa wamekaa wale vijana.