Julai saba zilizonipita

Julai ya kwanza niliyoiona Helsinki ni ya mwaka 2022, na mimi ninaishi hapa tangu Agosti 2014. Saba za katikati zilinipita nikiwa kazini. Kazi yangu ni kutunza wazee, na kila Julai wenyeji wanapokwenda likizo ratiba hubaki na mapengo. Kwa Kifini mwezi huu huitwa heinäkuu, mwezi wa majani ya mifugo, kwa kuwa zamani ndio ulikuwa wakati wa kukata na kukausha majani ya kulishia ng'ombe majira ya baridi. Kwa mtu wa mjini siku hizi maana yake ni likizo. Ofisi hunyamaza, simu hazipokelewi, madirisha ya ghorofa nzima hufungwa. Wanaoziba mapengo ni sisi wageni, na Jumapili kwa sheria ya hapa hulipwa maradufu.

Basi nilikuwa naziomba Jumapili kama mkulima anavyoomba mvua. Kila zamu niliibadilisha kichwani kuwa kitu kingine: hii mifuko ya saruji, hii nondo, hii ya fundi na kibarua wake. Nyumba iko Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Mwaka 2021 ilikuwa imefika lenta.

Sijuti kujenga. Aliyezaliwa nyumba ya kupanga anajua uzito wa kuwa na kwako. Lakini nataka kusema jambo ambalo sisi tulio nje tunaambizana kwa minong'ono tu: tumejizoesha kuamini kwamba ughaibuni ni pa kuchuma na nyumbani ndiko pa kuishi, na kwa imani hiyo tunapitisha miaka mingi bila kuishi popote.

Aliyenizindua ni bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Hapa hakuna shikamoo, wazee huitwa kwa majina yao kama watoto wenzio, na ulimi wangu haujazoea hadi leo, kwa hiyo humwamkia mtu moyoni kabla sijafungua mlango. Siku moja ya Julai 2021 aliniomba nimletee njegere. Sokoni na kwenye vibanda vya barabarani huuzwa zikiwa na maganda yake, zinapimwa kwa kopo la lita, na watu huzila mbichi wakitembea, kama sisi tunavyotafuna karanga za kuchemsha. Nilimletea lita moja. Tukakaa uwanjani, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu. Vidole vyake siku hizo havikuweza hata kufunga kifungo, lakini ganda la njegere alilipasua kwa kidole gumba kwa mkupuo mmoja, punje tano zikamwagika kiganjani. Akanipa mimi kwanza. Zilikuwa tamu kama mahindi machanga.

Kisha akaniuliza swali wanaloulizana wote hapa mwezi huu: kiangazi chako kinaendaje? Nikafungua mdomo nijibu, nikaona sina cha kusema. Mwanamke wa zaidi ya miaka tisini, aliyekuwa hatoki bila kusukumwa, alikuwa na kiangazi. Mimi mwenye miguu miwili sikuwa nacho. Mwaka uliofuata niliomba likizo Julai kwa mara ya kwanza, na fundi nikamwambia asubiri.

Kuelewa kwa nini watu hawa wanaushika mwezi huu kwa mikono miwili, mtu wa pwani lazima aanze na saa. Saa zetu za Kiswahili zimesimama juu ya jua: linachomoza, tunahesabu moja, linazama, tunaanza upya. Tanga hesabu hiyo haikudanganyi mwaka mzima. Hapa inavunjika. Mwanzoni mwa Julai jua huchomoza karibu saa kumi alfajiri na kuzama karibu saa tano kasorobo usiku. Naandika "usiku" na huku watoto bado wanaendesha baiskeli chini ya dirisha langu. Desemba mambo hugeuka: jua huonekana karibu saa tatu na nusu asubuhi na kutoweka saa tisa na robo, na siku nyingi halionekani kabisa kwa mawingu. Ukishapita Desemba chache za namna hiyo, huwashangai tena watu waliokaa mezani nje, wamefumba macho, nyuso juu, hawasemi na mtu. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Sasa nami hukaa hivyo.

Hata joto lao lina hesabu yake. Zikizidi nyuzi 25 hapa huitwa siku ya joto kali na redio hutangaza. Nyuzi 25 Tanga, kusi likivuma, ndiyo hali ya mama yangu kutafuta sweta.

Huo mwanga una upweke wake pia. Ramadhani ya 2015, ya kwanza kwangu huku, iliangukia Juni na Julai. Wapo waliofuata saa za Makka, wapo waliofuata jua la hapa. Mimi nilifuata jua. Nilifuturu karibu na saa tano usiku, peke yangu jikoni, tende tatu na uji, dirishani kweupe. Njaa niliivumilia. Kilichoniuma ni ukimya. Tanga futari huanza kunukia alasiri kutoka nyumba ya pili, na kabla ya adhana mtoto wa jirani ameshapiga hodi na bakuli la muhogo wa nazi lililofunikwa kawa. Hukumwomba. Hata hukumkumbuka. Sikuwahi kuliita bakuli lile furaha mpaka nilipolikosa. Huku hakuna atakayekubishia hodi. Ukitaka raha, uondoke ndani uifuate, na ukiona aibu kwenda peke yako utakaa ndani mpaka theluji. Hili nawaambia hasa wanaofika sasa, maana mimi nililijua nimechelewa.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni pale wanapofulia mazulia. Helsinki iko ufukweni mwa bahari, na kando ya maji yapo magati ya mbao yaliyojengwa kwa kazi hiyo moja. Watu huja na mazulia yao ya vitambaa chakavu, yaliyofumwa kwa vipande vya mashuka na magauni ya zamani, wanayatandaza juu ya meza ndefu, wanamwagia sabuni inayonukia msonobari, wanasugua kwa brashi. Kisha huyasuuza, huyapitisha kwenye mashine ya rola mbili ya kukamulia inayozungushwa kwa mkono, huyaanika kwenye fito. Wengi wana mashine za kufulia nyumbani. Wanakuja kwa sababu jua lipo, maji yapo, na mama zao walikuja.

Nilikwenda na zulia langu moja la dukani, nikasimama sijui pa kuanzia. Mama mmoja mtu mzima akaja bila kuulizwa akanionyesha: sugua kufuata mistari, usiikate, geuza, usione uchungu na maji. Wafini husifika kwa kunyamaza, na nimepanda lifti na majirani miaka bila zaidi ya neno la salamu, lakini pale gatini nilisikia habari za wajukuu, magoti yanayouma, samaki, mume aliyefariki masika. Mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka. Niliwakumbuka wanawake wa kwetu kwenye ungo wa kupepetea mchele, maneno yanayosemwa pale yasiyosemwa mezani. Nilirudi nyumbani mgongo unauma na nguo zimelowa, nikalala kama mtoto.

Mwishoni mwa mwezi beri za buluu huiva msituni. Hapa mtu yeyote, raia au mgeni, ana haki ya kuingia msituni na kuchuma beri na uyoga bila kumwomba mwenye ardhi, mradi asisogelee nyumba za watu na asiharibu. Mara ya kwanza sikuamini. Nilikwenda Keskuspuisto, msitu unaoanzia karibu kabisa na katikati ya mji, nikawa nageuka kila dakika nikingoja mtu anifukuze. Hakuna aliyenifukuza. Nilichuma nusu ndoo, nikala nusu nyingine pale pale nimechuchumaa, mbu wakanila na mimi. Nilipojitazama kwenye kioo cha simu ulimi ulikuwa zambarau. Zambarau kweli, rangi ile ile ya utotoni tuliyonyoosheana vidole tukiulizana nani kala zaidi, ile ambayo haikukuruhusu kumdanganya mama kwamba hukupanda mti wa watu.

Hapo ndipo nilipoingiwa na uchungu, na sitauficha. Sisi pia tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini mahali tulipokuwa tunashukia kuogelea tukiwa wadogo sasa pana ukuta na geti, na mlinzi anakuuliza unakwenda kwa nani. Unakwenda kwa bahari. Raha za maskini ni za bure au si chochote: kivuli, upepo, maji, tunda la mti usio na mwenyewe. Ukizijengea ukuta umemnyang'anya mtu kitu ambacho hakuna mshahara utakaokirudisha. Serikali za mitaa zetu zikitaka kujifunza jambo moja kutoka kaskazini, ningependa liwe hili, kabla ya barabara za juu.

Julai 2024 nilikwenda nyumbani. Kila niliyekutana naye aliniuliza nyumba imefika wapi, na siwalaumu, maana simu zangu zote za miaka kumi zilikuwa za nyumba. Machungwa ya Muheza yalikuwa yamejaa mikokoteni, muuzaji anamenya kwa kisu ganda linashuka kama utepe bila kukatika, anakata kofia, unafyonza umesimama. Asubuhi mbaazi za nazi na maandazi. Jioni wazee barazani na kahawa chungu na kashata, mabishano yale yale ya mpira niliyoyaacha. Nilikuwa nimejiandaa kuona kwamba wao wanaishi na mimi ndiye niliyepotea.

Jioni moja nikamwambia mama twende Raskazone, ufukweni, tukakae. Akasema sawa, akajitanda kanga, na njiani ndipo aliponiambia kwamba hajakanyaga maji ya bahari miaka mingi, hakumbuki mingapi. Mama yangu, mzaliwa wa Tanga. Bahari iko pale, daladala ni mwendo mfupi. "Nani atanipeleka, mwanangu? Na huko nikafanye nini?" Alikuwa na mambo ya kushughulikia: sukari, paa la jikoni, kusimamia fundi wangu. Fundi wangu. Alikuwa anaahirisha bahari kwa ajili ya nyumba ile ile ninayoahirishia Julai zangu. Akapandisha kanga hadi magotini, akaingia, wimbi likampiga, akashika mkono wangu kwa nguvu na kucheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

Tangu siku ile natuma pungufu kidogo kwa fundi, na kiasi kidogo kila mwezi kwa mama kwa sharti moja: asikinunulie kitu cha nyumba. Ananunua machungwa, anakodi bajaji yeye na shoga yake, wanakwenda kukaa kando ya maji. Ndugu mmoja ameniambia natupa pesa. Sikubaliani naye. Nyumba itapauliwa mwakani badala ya mwaka huu, na anayeona hilo ni hasara sijui anamjengea nani.

Mwaka huu nilikwenda gatini na mkeka. Mama alinipa nilipoondoka, wa ukindu, una mistari ya rangi ya zambarau na kijani, ulikuwa umeshika vumbi la sakafu ya hapa. Niliupangusa taratibu kwa brashi laini bila kuuloweka. Wanawake wawili wakaacha mazulia yao wakaja kuushika ukingoni, wakataka kujua umesukwa kwa nini. Ukindu kwa Kifini sikuujua, nikasema majani ya mtende wa porini, na kwamba husukwa ukili mrefu kwanza, kisha ndio unashonwa. Mmoja akapitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikauanika katikati ya mazulia yao nikampigia mama kwa video. Kiangazi saa za Helsinki na za Tanga huwa sawa kabisa, kwa hiyo kwetu sote ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Yeye alikuwa barazani na taa, nyuma yake giza. Mimi nilikuwa nimekunja uso kwa jua. Nikageuza simu aone mkeka wake.

Akautazama sana. Kisha akasema, "Utoe juani, mwanangu, utapauka."