Mkaguzi Hakagui Banda Lako

Gari la rali likifika kwenye ukaguzi kabla ya mashindano, suala la moto huangaliwa kwa makini. Mkaguzi anasoma lebo ya mtungi wa mkono wa kuzimia moto kuona kama umepimwa ndani ya miaka 2, anazima swichi kuu kuhakikisha injini nayo inazimika, anageuza kola ya suti ya dereva akitafuta nembo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Sina ubishi na hilo. Lakini gari hilohilo litakaa mbele ya mkaguzi dakika chache, mashindanoni siku 2 au 3, kisha miezi mizima kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Tangi linafunguliwa hukohuko bandani. Grenda inarusha cheche hukohuko, na betri inachajiwa usiku hukohuko, huku mtungi pekee uliopo ni ule wa kilo 2 uliofungwa ndani ya gari.

Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution nyingi za rali za kitaifa Kenya, Uganda na Tanzania huandaliwa na mafundi wawili watatu uani, si kwenye karakana kubwa. Msimamo wangu kwao ni huu: shilingi ya kwanza ya usalama wa moto iende kwenye namna ya kumwaga petroli kutoka kwenye tangi. Suti mpya ifuate baadaye. Hata mtungi mkubwa ufuate baadaye, ingawa nao ni lazima.

Kinachowaka ni mvuke, wala si petroli yenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna asubuhi ya Nakuru wala ya Arusha yenye baridi ya kukuokoa. Mvuke huo ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango, hujaa kwenye shimo la gereji na kutulia humo. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote inaweza kuchafua kiasi hicho zaidi ya mita za ujazo 10 za hewa, na banda la gari moja lina kama mita za ujazo 45. Kwa kuwa mvuke haupandi ukatawanyika, sakafuni hatari inafika mapema zaidi kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Pua yako iko mita moja na nusu juu. Kompresa, soketi ya ekstensheni na jiko la mkaa la jirani viko chini.

Ndiyo maana sikubali tangi kumwagwa bandani, hata mlango ukiwa wazi, na hasa sikubali limwagwe juu ya shimo. Lisukume gari nje likiwa limepoa kabisa, ikiwezekana baada ya kulala usiku mzima. Waambie wa nyumbani wazime jiko, na anayevuta sigara getini asogee mbali. Fungua kifuniko cha tangi kutoa presha. Kisha kumbuka kwamba injini ya injekta hubakiza presha ya karibu bar 3 kwenye reli ya mafuta, bomba linalogawia injekta petroli, hata baada ya kuzimwa. Ukilegeza nati pale, petroli haidondoki, inaruka usoni. Chomoa relei ya pampu, washa injini iache izime yenyewe, piga stata tena sekunde 2 au 3, halafu funika kiungo kwa kitambaa kabla ya kukifungua.

Njia safi ya kutoa mafuta ni kutumia pampu ya gari lenyewe. Unganisha mpira kwenye kiungo cha kuchukulia sampuli ya mafuta, kile kinachojifunga chenyewe, uingize kwenye jerikeni ya chuma. Pampu iendeshwe kupitia kisanduku cha relei, kwa waya wenye swichi iliyo mbali na mafuta. Kugusanisha nyaya juu ya pampu yenyewe ni kutengeneza cheche mahali pabaya kuliko pote. Kabla petroli haijaanza kutiririka, funga waya mmoja kutoka bodi ya gari hadi jerikeni, na jerikeni ikae chini ardhini, isikae ndani ya pikapu wala juu ya zulia la plastiki. Mafuta yanayokimbia ndani ya mpira huzalisha umeme tuli. Waya huo unausawazisha kabla haujaruka. Ncha ya mpira iguse ndani ya chombo, mafuta yasianguke kutoka juu. Usijaze pomoni: jerikeni ya lita 20 iishie kwenye 18, kwa hiyo tangi la lita 80 linahitaji jerikeni 5. Dumu la mafuta ya kupikia halifai hata kidogo. Plastiki yake haipitishi umeme, na kifuniko chake hakizuii mvuke.

Jerikeni zikishafungwa, ziondolewe pale kabla kazi nyingine haijaanza. Ovaroli iliyolowa petroli ivuliwe papo hapo na ianikwe nje. Kukaa nayo huku mwenzako anasaga nati yenye kutu pembeni ni kujigeuza utambi.

Kuna chombo kimoja ambacho ningekipiga marufuku kila gereji ya nyumbani: taa ya kuning'iniza yenye balbu ya kioo. Fundi amelala chini ya gari, analegeza mpira wa chujio, petroli inamtiririkia kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko, mkono unashtuka na kuigonga taa. Kioo kinapasuka wakati uzi wa balbu bado umewaka, na mvuke tayari upo. Balbu ikiwa ya halojeni haihitaji hata kupasuka vizuri. Tone la petroli kwenye kioo chenye moto linaweza kukipasua. Taa ya LED ya kuchaji, isiyo na waya, haina bei ya kumshinda mtu anayemiliki gari la rali.

Mipira ya mafuta nayo ina madaraja. Ulioandikwa SAE 30R7 ni wa presha ndogo, wa magari ya kabureta. Kwenye mfumo wa injekta unatakiwa 30R9, na kipande kinachokaa ndani ya tangi, kikiogelea kwenye mafuta, ni 30R10. Ukiweka wa 30R9 ndani ya tangi, nje yake hulainika na kuvimba. Klipu zenye mianya iliyotobolewa hula mpira taratibu. Tafuta zile za injekta, zenye mkanda usio na matundu. Kazi ikiisha, usiwashe injini kwanza. Zungusha ufunguo pampu ijaze presha, zima, pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungo, na rudia mara 3. Tishu huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Mara ya kwanza injini inapowaka, mtu mmoja asimame nje ya mlango akiwa ameshika mtungi, pini mkononi.

Matangi ya mpira ya FT3, daraja la FIA la matangi ya usalama, yana umri wa miaka 5 tangu kutengenezwa, na mtengenezaji akilikagua anaweza kuliongezea miaka 2. Lililoisha muda huuzwa kwa bei ya kuvutia. Litazame ndani kabla ya kutoa hela: sponji inayolijaza ikianza kumeguka kama makombo, itaziba chujio, na utajikuta unafungua mfumo wa mafuta kila wiki.

Sasa mitungi. Ule wa kilo 2 wa ndani ya gari huisha kwa sekunde kama 10, na umetengenezwa kumpa dereva na msoma ramani nafasi ya kutoka. Kwa banda, nataka poda kavu ya kilo 9 na gesi ya kaboni dayoksaidi ya kilo 5. Pesa ikiruhusu, ongeza povu la lita 9, maana petroli iliyotandaa sakafuni povu huifunika na kuzuia isiwake tena. Kwa nini miwili, wakati poda peke yake ina nguvu zaidi? Kwa sababu ya kusitasita. Poda huingia kila mahali, hula alumini na viungo vya nyaya, na ikivutwa ndani ya injini ni kazi ya kufungua yote. Fundi anayejua hivyo husimama sekunde 5 akifikiria injini yake huku moto mdogo ukikua. Mtungi wa gesi hauachi kitu, kwa hiyo mkono unauvuta bila kufikiri. Udhaifu wake ni kwamba haupozi: chuma kikiwa bado cha moto, moto unarudi, ndipo poda inapohitajika. Usishike pembe ya mtungi wa gesi, ile inayotokea gesi, wakati unapuliza, inaganda na kuunguza ngozi. Na kwa kuwa mtungi huo kwa kawaida hauna geji, hujui kama umepungua mpaka uupime kwenye mizani.

Iweke mitungi mlangoni, mmoja ndani na mmoja nje. Ikitundikwa ukutani nyuma ya banda, italindwa na moto wenyewe. Unapozima, mlango uwe mgongoni kwako, simama mita 2 au 3, lenga chini ya ndimi za moto na ufagie kutoka upande hadi upande. Moto ukiwa ndani ya chumba cha injini, boneti isifunguliwe wazi. Inyanyue kidogo tu na upulizie kwenye mwanya. Maji yaache kabisa kwenye petroli. Nyumba ya giaboksi ya magnesiamu ni kisa kingine: ikishika moto, maji na gesi ya kaboni vyote huuchochea, na kinachosaidia ni poda maalumu ya metali au mchanga uliokauka kwelikweli.

Kuchomelea keji, fremu ya mabomba inayowalinda walio ndani ya gari, kunastahili siku yake peke yake. Tangi litoke, si kumwagwa tu. Mipira ya mafuta, viti, zulia na zile pedi za lami za kuzuia kelele vyote vitoke, na ndani ya mita 10 cheche zinakoweza kufika pasiwe na cha kuwaka. Tazama upande wa pili wa bati: nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti cha mlango huanza kufuka bila mchomeleaji kuona. Spreyi ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie kazi hiyo, kwa kuwa joto na mwanga wa kuchomelea huigeuza kuwa fosijini, gesi ya kuua. Arki ya mwisho ikishazimwa, mtu abaki pale saa nzima. Na tangi la chuma lililotoboka lisichomelewe nyumbani kwa hali yoyote. Tupu ni baya kuliko lililojaa, maana limejaa mvuke na hewa.

Kwenye faibaglasi ya bampa, kikombe cha rezini kilichobaki hupata moto chenyewe. Kimimine kwenye bati pana nje, kisitupwe kwenye pipa la taka. Hadena isichanganywe moja kwa moja na dawa ya kuharakisha ya kobalti, hulipuka. Oili ya breki isihifadhiwe karibu na klorini ya unga ya bwawa la kuogelea. Zikikutana huwaka bila kiberiti. Betri ya lithiamu ichajiwe kwa chaja yake tu, mchana, mtu akiwepo.

Gari lililonyanyuliwa juu ya stendi haliwezi kusukumwa nje. Kwa hiyo kazi inayogusa mafuta ifanyike magurudumu yakiwa chini kila inapowezekana, na kamba ya kuvutia ikae kwenye ndoano ya nyuma, ncha yake nje ya mlango. Mtungi ukiisha na moto bado upo, toka, funga mlango, piga simu: 114 Tanzania, 999 Kenya. Waambie zimamoto mambo mawili kabla hawajaingia: petroli kiasi gani imo ndani, na kama kuna mtungi wa asetilini, umesimama upande gani.