Mkwe Wangu na Kochi la Midomo

Nimeamka shingo imekaa upande kama jogoo anayesikiliza redio. Ndiyo faida ya kulala kwenye mdomo wa mtu.

Kosa ni la shemeji. Nilimwambia kwamba mama mkwe anatua New York usiku kutoka Dar, kwenda Columbus, Ohio tunaondoka asubuhi, tutafutie chumba na sebule: mama apate kitanda, mimi nijibanze kwenye kochi. Akatafuta kwa simu huku anaendesha gari. Ikapatikana nyumba ya wageni Brooklyn, kila chumba kimepambwa kwa mchekeshaji mmoja wa filamu za zamani. Sisi tukaangukia kwa Mae West.

Taulo mbili, saizi ya leso. Maegesho dola 45. Hayo niliyameza.

Kufungua mlango, sebule nzima haina pa kukaa ila kochi jekundu lenye umbo la midomo. Imekolea rangi, inakusubiri. Kadi ukutani inaeleza kwamba miaka ya 1930 mchoraji Salvador Dalí aliuchora uso wa bibi huyu kama chumba, nywele mapazia, pua mahali pa kukokea moto, kisha midomo ikatengenezewa kochi la kweli. Hongera zake. Lakini mimi niko na mkwe wangu, mtu wa Tanga, ambaye tangu nioe mwaka 2004 hajaniona nikitafuna bila kugeukia ukuta.

"Baba Zuhura, nikae wapi?"

"Hapo kati, mama."

"Kati ya nini?"

Nikanyamaza. Kuna maneno hayatamkwi mbele ya mkwe. Akakalia begi lake.

Kumbe macho yalishafika ukutani, kwenye jaketi la uokozi la njano. Mtu aliyepanda boti za Pemba maisha yake yote hawezi kulipita.

"Hapa kuna mafuriko?"

Nikasoma kadi. Wanajeshi wa anga wa Vita Kuu ya Pili waliliita jaketi hilo Mae West, kwa sababu likijaa upepo kifua cha mvaaji... Nikakohoa.

"La mvua, mama."

"Mvua ya kuogelea?"

Nikamkimbiza chumbani, nikidhani nimeokoka. Dari lote la juu ya kitanda ni kioo! Eti Mae West mwenyewe alikuwa nacho nyumbani kwake.

"Yule kule juu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Nilale najitazama, na mkwe wangu yuko hapo nje? Astaghfirullah."

Akatoa mwavuli kwenye begi, akaufungua juu ya mto, akaingia chini yake na kanga zake. Mimi nikateremka mapokezi kama mtu mzima mwenye heshima zake, kuomba tuhamishwe. Kijana akasema kipo cha Chaplin, niongeze dola 90. Nikapiga hesabu, nikarudi mdomoni.

Saa nane usiku, sauti kutoka chini ya mwavuli:

"Baba Zuhura, huyu mwanamke alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikawasha taa nikasoma. Kazaliwa hapahapa Brooklyn, 1893. Aliandika mchezo wa jukwaani, wakasema unaharibu maadili, mwaka 1927 wakamhukumu siku 10 jela, akakaa 8.

"Na mbili?"

"Alipunguziwa kwa tabia njema."

Kimya kirefu. "Basi mtu mwema. Serikali yenyewe imeandika."

Akakoroma mpaka alfajiri. Mimi nilikuwa nateleza kutoka mdomo wa juu kwenda wa chini, na mito tisa ya mapambo, hakuna hata mmoja wa kulalia. Chai ya asubuhi ni keki moja ndogo kila mtu. Gari nimelikuta na karatasi ya faini, sawa na maegesho niliyolipia. Na picha, sijui nani aliipiga, iko kwenye kundi la familia: nimelala midomoni, miguu inaning'inia, na baba mdogo wa Muheza anauliza kama hiyo ni hospitali ya meno.

Hadi Columbus ni mwendo wa saa tisa. Mama ameshakaa kiti cha nyuma, mwavuli ameufungua tena, maana gari langu nalo lina kioo juu.