Mbwa walewale, jina jipya: pudeli na chotara wake

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchini Australia, Wally Conron alikwama na watoto watatu wa mbwa. Alikuwa msimamizi wa uzalishaji katika shirika linalofunza mbwa wa kuwaongoza vipofu, na kwa kawaida shirika halikukosa familia za kujitolea kulea watoto wa mbwa hadi wafike umri wa mafunzo. Hawa watatu walikataliwa. Mzazi mmoja alikuwa Labrador, mwingine pudeli (poodle, mbwa wa manyoya ya kujikunja), na familia zilizokuwa zikisubiri zilitaka mbwa wa mbegu, si mchanganyiko. Conron akaenda kwa wenzake wa idara ya habari, akawaambia watangaze kwamba shirika limepata mbwa wa aina mpya aitwaye Labradoodle. Simu zikaanza kulia. Mbwa walikuwa walewale.

Kutoka hapo orodha ya chotara wa pudeli imerefuka mpaka inachekesha. Cockapoo, aliyechanganywa na cocker spaniel, alikuwepo Marekani hata kabla ya kisa cha Conron. Baadaye wakafuata Goldendoodle wa golden retriever, Cavapoo wa Cavalier King Charles, Maltipoo, Schnoodle, Bernedoodle, Sheepadoodle. Ukishaujua mtindo unaweza kutunga mwenyewe: chukua kichwa cha jina la mzazi mmoja, bandika "doodle" akiwa mkubwa au "poo" akiwa mdogo, kazi imekwisha. Mbwa wa mtaani ambaye wazazi wake hawafanani anaitwa koko. Huyu naye wazazi wake hawafanani, ila ana jina na ana bei.

Wapenzi wa chotara huyu wanasema ndiye mbwa bora wa nyumbani: akili ya pudeli, upole wa Labrador, manyoya yasiyopukutika, na afya njema kwa kuwa damu imechanganyika. Wapinzani, hasa wafugaji wa mbwa wa mbegu, wanasema ni koko wa gharama aliyevishwa jina la duka. Conron mwenyewe alihamia upande wa pili. Mwaka 2019 aliiambia redio ya ABC ya Australia kwamba kumzalisha Labradoodle ndilo jambo analolijutia maishani, kwa jinsi wafanyabiashara wasiojali walivyolidaka wazo lake. Mimi naona kila upande una hoja moja nzito na nyingine ya kujifariji, na kuzitenganisha kunahitaji kumjua kwanza pudeli mwenyewe, ambaye pande zote mbili zinamsingizia.

Wengi wakisikia poodle wanaona mashungi ya duara kwenye viungo, mkia wenye tufe, na mbwa aliyebebwa kwapani. Ukweli ni kwamba huyu alikuwa mbwa wa kazi. Jina limetoka Kijerumani, Pudel, neno linalohusiana na kurusharusha maji. Wafaransa wanamwita caniche, jina linalotokana na neno lao la bata, na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linamhesabu kuwa mbwa wa Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuingia majini na kumrudisha bata aliyepigwa na mwindaji. Hata ule unyoaji wa ajabu ulikuwa na maana: manyoya yaliachwa kifuani na kwenye viungo ili yasipate baridi, kwingine yakanyolewa ili asilemewe akiogelea. Urembo ulikuja baadaye.

Pia si aina nyingi, ni aina moja yenye saizi. FCI inazo nne: mkubwa wa sentimita 45 hadi 60 begani, wa kati wa 35 hadi 45, mdogo wa 28 hadi 35, na yule wa mapambo wa 24 hadi 28. Chama cha Marekani, AKC, kina tatu tu. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza pudeli "wa kikombe cha chai", jua hilo ni neno la sokoni, halimo kwenye vipimo vya chama chochote kati ya hivi viwili. Na kama unadhani mkubwa ni wa kukaa kwenye kochi tu, mwaka 1988 Mmarekani John Suter aliwafunga pudeli wakubwa kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza thelujini, akaingia nao mashindano ya Iditarod, Alaska. Walifika. Tatizo lilikuwa theluji kuganda kwenye manyoya na miguu yao kuumia kwa baridi, na baadaye kanuni zikabadilishwa ili washiriki wawe mbwa wa kaskazini peke yao.

Sasa hoja nzito ya wanaotetea uchanganyaji. Mbwa wa mbegu wanazaliana ndani ya kitabu cha usajili kilichofungwa, hakuna damu ngeni inayoingia. Pudeli mkubwa alipita katikati ya karne ya 20 kwenye mlango mwembamba: mbwa wachache walioshinda maonyesho walitumika sana kuzalisha, na leo sehemu kubwa ya pudeli wakubwa duniani inarudi kwa mababu hao wachache. Ndiyo maana aina hii ina maradhi yake inayojulikana nayo, kama ugonjwa wa Addison na ule wa ngozi unaoharibu tezi za mafuta. Cavalier ana hali mbaya zaidi, moyo wake ukianza kuvuja akiwa bado kijana. Mtu akisema tulete damu nyingine, hasemi upuuzi. Wafugaji wa ng'ombe na kuku wanalijua hili siku zote.

Ila hapo ndipo watetezi wanapovuta kamba kupita urefu wake. Damu ngeni inasaidia ikiwa wazazi hawabebi kasoro ileile. Upo ugonjwa wa macho unaoua polepole sehemu ya jicho inayopokea mwanga, na unarithiwa mtoto akipata jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Pudeli anayo jeni hiyo. Labrador naye anayo, na cocker spaniel vilevile. Waoanishe wawili wanaoibeba, na mtoto anaweza kupofuka sawasawa na ambavyo angepofuka kama angekuwa wa mbegu. Kulegea kwa nyonga ni hivyohivyo: pudeli mkubwa, Labrador na golden retriever wote wanalo. Kipimo cha jeni ya macho kipo na nyonga zinapigwa picha, lakini kipimo hakijifanyi chenyewe kwa sababu tu wazazi hawafanani sura.

Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha Royal Veterinary College cha Uingereza walichapisha ulinganisho uliopaswa kunyamazisha kambi zote mbili. Waliwachukua Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo, wakawalinganisha na aina za wazazi wao kwa matatizo 57 ya kiafya. Katika asilimia 86.6 ya ulinganisho huo hawakuona tofauti. Palipokuwa na tofauti, chotara walikuwa hatarini zaidi katika asilimia 7.3 na salama zaidi katika asilimia 6.1. Maana yake chotara hana afya ya ajabu. Maana yake pia hana ugonjwa wa ajabu, jambo ambalo wafugaji wa mbegu hupenda kuliruka wanaponukuu utafiti huu.

Kuhusu mzio, nina wasiwasi zaidi, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia kweli. Ndiko kisa chote kilikoanzia: mwanamke kipofu wa Hawaii alihitaji mbwa wa kumwongoza, na mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Conron alijaribu kwanza pudeli wakubwa wa mbegu, 33 kwa jumla, katika miaka kama mitatu, na hakuna aliyefaa kazi hiyo. Ndipo akachanganya. Wale watoto watatu wa mwanzo aliwakata manyoya, akachukua na mate, akatuma Hawaii yajaribiwe kwa mume. Mmoja tu ndiye hakumletea shida, na akaitwa Sultan. Mmoja kati ya watatu, wa tumbo moja. Mtu mwenye macho angeona papo hapo kwamba jina la aina halihakikishi kitu. Lazima apimwe mbwa mmoja mmoja kwa mtu mmoja mmoja. Soko likasikia "mbwa asiyeleta mzio".

Kinachosumbua si unywele wenyewe. Ni protini iliyo kwenye mate na magamba madogo ya ngozi, inayoitwa Can f 1. Watafiti wa Uholanzi waliipima mwaka 2012 na wakakuta kinyume cha matarajio: kwenye manyoya, pudeli ndiye aliyekuwa na nyingi zaidi na Labrador ndiye aliyekuwa na kidogo. Sakafuni, nyumba zenye Labradoodle zilikuwa na kiasi kidogo zaidi, nadhani kwa kuwa mkunjo wa manyoya unashikilia kile ambacho mbwa mwingine angekidondosha. Hewani tofauti haikuonekana. Anayesema nyumba yake inakaa safi zaidi hadanganyi. Anayemuahidi mgonjwa wa pumu kwamba atapumua vizuri, huyo anacheza na kifua cha mtu.

Halafu kuna hilo la manyoya kutopukutika, sifa inayouza kuliko zote na inayoelezwa vibaya kuliko zote. Pudeli anapukutisha kama kiumbe chochote chenye nywele. Unywele uliokufa unabaki umenaswa ndani ya mkunjo, na usipotolewa kwa mkono unajifunga na ulio hai. Chotara mara nyingi ana kazi kubwa zaidi, maana anaweza kurithi manyoya marefu laini ya mzazi mmoja pamoja na mkunjo wa mwingine. Akifika umri wa miezi sita au zaidi, manyoya ya utoto yanapisha ya ukubwani, na hapo ndipo mwenye mbwa anapopigwa na mshangao.

Ukitaka kuona ninachosema, simama karibu na meza ya mnyoaji wa mbwa. Mwenye mbwa anaapa kwamba anapiga brashi kila siku, na kweli anapiga, juu juu. Mnyoaji anaingiza kitana nyuma ya sikio: kinateleza nusu kidole, kinagota. Anajaribu kwapani, kinagota. Kwenye paja la ndani, vilevile. Chini kuna tabaka lililoshikana kama blanketi, limekaa juu ya ngozi lisiloruhusu hewa wala meno ya kitana. Hakuna kuchambua hapo. Mashine inapita chini ya tabaka, sambamba na ngozi, na manyoya yanatoka kipande kimoja, kama shuka inayovuliwa. Ngozi iliyobaki ni nyekundu. Mwenye mbwa aliyekuja na picha ya dubu wa kuchezea anaondoka na mbwa aliyenyolewa kama kondoo, na lawama zote anamtwisha mnyoaji.

Hata hivyo siwapi ushindi watu wa mbegu. Wao hupenda kusema: kama unataka mbwa mwenye akili, asiyepukutisha, ambaye watoto wake utajua watakavyokuwa, yupo tayari, anaitwa pudeli. Kimsingi wako sahihi, na ningekuwa nanunua leo ningemtazama yeye kwanza, aliyenyolewa kifupi mwili mzima bila tufe hata moja. Lakini wanasahau walivyoipoteza hadhira yao. Pudeli aliongoza orodha ya AKC ya mbwa wanaosajiliwa kwa wingi kuanzia 1960 hadi 1982, kisha sura ya maonyesho ikamfanya aonekane pambo la tajiri. Watu wengi waliomkimbilia chotara walikuwa wakimkimbia kinyozi wa pudeli, si pudeli. Na kile kitabu kilichofungwa bado kimefungwa.

Kinachonisumbua zaidi kwa upande wa chotara ni lugha ya vizazi, kwa sababu inamfanya mnunuzi aamini ananunua kitu kilichopimwa. Mtoto wa Labrador na pudeli anaitwa F1. Huyo akirudishwa kwa pudeli, watoto ni F1B. F1 wawili wakioana, wanazaa F2. Inasikika kama toleo la mashine, F2 akiwa ameboreshwa kumshinda F1. Hesabu ya jeni inasema vingine. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa inatokana na jeni tatu: moja ya urefu, moja ya mkunjo, na moja ya ndevu na nyusi, ambayo pia inahusiana na kupukutika. Hii ya ndevu ina nguvu, nakala moja inatosha. Pudeli ana mbili, Labrador hana. Kwa hiyo F1 wote wana ndevu, kila mmoja akiwa na nakala moja. Oanisha F1 na F1, na kwa wastani robo ya watoto hawatapata hata nakala moja.

Waangalie wakiwa na wiki nane, wanne kwenye kikapu kimoja. Watatu wana vishungi juu ya macho na pua iliyozungukwa na manyoya ya kutimka. Wa nne ana uso laini, pua wazi, nyusi hakuna. Muuzaji amewaandika wote F2 Labradoodle, bei moja, na kwenye tangazo wote hawapukutishi. Huyo wa nne, baada ya mwaka, ataacha manyoya yake kwenye kila kiti cha nyumba.